Mwelimishaji rika si mhudumu wa afya ya jamii

Nimelisikia tena juzi, safari hii redioni, mtu anaeleza kwamba kwa vile pesa za Wamarekani za kazi ya VVU zilisimamishwa Januari 2025 na vituo vingi vya huduma hiyo vikafunga milango, basi kazi ya waelimishaji rika sasa itachukuliwa na wahudumu wa afya ya jamii, hakuna kitakachoharibika. Mtangazaji akaitikia, wakaendelea na mengine. Mimi naomba tusimame hapo kwanza, manake hao ni watu wawili tofauti kabisa na tukiwachanganya kuna watu watakosa huduma na hakuna atakayejua kama wamekosa.

Maana yake haina mambo mengi. Mwelimishaji rika ni mtu anayetoka ndani ya lile kundi lenyewe lililo kwenye hatari ya VVU, anaishi maisha yale yale au aliyaishi mpaka majuzi tu, akafunzwa mambo ya kondomu, kupima, dawa za kinga na haki zake, na sasa anawafuata wenzake huko huko waliko, wiki baada ya wiki. Rika hapa si umri. Wengi wakisikia hilo neno wanawaza vijana wa sekondari na vilabu vyao, lakini mama wa miaka 50 anayefanya biashara ya ngono ni rika la msichana wa miaka 22 aliye kwenye baa hiyo hiyo, wanajuana wateja, wanajua askari gani anasumbua na lojing'i gani mlango haufungi.

Mhudumu wa afya ya jamii ni yule ambaye serikali ya Kenya ilimzindua rasmi Septemba 2023, yeye na wenzake kama 100,000, wakapewa mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani na simu. Kila mmoja ana nyumba zake, karibu 100, anazopitia. Ni kazi kubwa na ya heshima, mamangu mwenyewe hupimiwa presha pale kibarazani kwake na huyo dada, na nisingependa asomaye hapa adhani namdharau. Lakini angalia anachohesabu ni nini. Ni nyumba. Sasa yule kijana anayelala maskani, kijiwe cha wanaojidunga heroini, nyuma ya gereji ataandikwa kwenye nyumba gani? Na dada anayelipia chumba kwa usiku mmoja mmoja, leo hapa kesho Mtwapa? Na hata aliye na nyumba, tuseme mwanamume anayependana na wanaume, anaishi kwa wazazi wake, unadhani atafungua mdomo kwa mhudumu ambaye yuko chama kimoja cha akina mama na mamake na jioni watakutana? Hatafungua. Si kwamba mhudumu ni mbaya, ila anajulikana na watu wasiofaa kujua, na yeye mwenyewe hana la kufanya kuhusu hilo, ndiyo kazi yake ilivyo, kujuana na nyumba.

Nenda maskani yoyote hapa Mombasa uone tofauti. Mwelimishaji rika haji saa nne na fulana mpya, anajua asubuhi watu wana arosto, ile hali ya kukosa heroini, miili inauma, jasho, matumbo yanakoroga, hakuna anayesikiliza mtu. Anajua ni saa ngapi watu wametulia. Anakuja na sindano safi na kile kisanduku kigumu cha kutilia zilizotumika, anaketi chini pamoja nao, anaulizia aliyekuwa na kidonda mguuni wiki iliyopita, anaona mara moja kuna sura mpya na bomba moja la sindano linazunguka kwa watu watatu, na hapo ndipo anaposema neno lake. Anasema kama mtu aliyewahi kulipokea hilo bomba mkononi. Mpango wa sindano safi ulipotangazwa mwaka 2012 ulipigwa vita sana huku Pwani, wakubwa wa dini na wazee wa mitaa walisema tunafundisha watu kujidunga, na waliouwezesha kusimama kwa kiasi kikubwa ni hawa, manake wao ndio walioweza kuingia, kuzikusanya zilizotumika zisibaki njiani kwa watoto, na kumshika mtu mkono mpaka kituoni. Kliniki ya kwanza Kenya ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, ilifunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014, Malindi ikafuata 2015, na methadoni inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo wiki za mwanzo zile ni ngumu mno, kuna anayeamka na kukwambia leo siendi. Anayemwamsha na kumwambia twende sote ni yule ambaye naye anakwenda kunywa yake.

Hii njia haikuletwa na wafadhili wa juzi, na hapa ndipo naumia zaidi watu wanapoisema kama kitu cha mradi. Majengo ya Pumwani, Nairobi, mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikuwa wanafanya kazi na wanawake waliokuwa wakiuza ngono vyumbani mwao. Utafiti uliochapishwa 1986 ulionyesha kati ya wale wa kipato cha chini, 66 kwa kila 100 tayari walikuwa na virusi. Fikiria habari hiyo, na wakati huo dawa hakuna. Elizabeth Ngugi, muuguzi ambaye baadaye akawa profesa, akawa anakwenda kuketi nao, baraza kwa baraza, akiwachukulia kama kina mama wenye akili zao, na kazi ya kuhimizana kondomu ikabebwa na wao wenyewe, chumba kwa chumba. Makubaliano ya kwamba hakuna anayekubali mteja asiye na kondomu hayawezi kuletwa na mtu wa nje, kwa sababu mteja akikataliwa chumba hiki anahamia cha jirani, kwa hiyo lazima jirani naye awe ndani ya hayo makubaliano, na jirani anamsikiliza nani? Mwenzake aliyekosa pesa hiyo hiyo usiku huo huo. Mwaka 1988 matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Lancet, matumizi ya kondomu yalikuwa yamepanda sana. Hayo yalifanyika kwa mazungumzo, miaka kabla ya ARV, dawa za kufubaza virusi, kufika mitaani na karibu miaka 30 kabla Kenya haijaanza kutoa PrEP, zile dawa za kinga, mwaka 2017.

Kuna jambo la pili linaloniudhi, nalo linafanywa na sisi tulio kwenye hii kazi. Tunachukua wahitimu wazuri tu, au mpwa wa mwenyekiti, tunawapa semina ya siku tatu hotelini, chai na maandazi, cheti, alafu kwenye ripoti tunaandika waelimishaji rika kadhaa wamefunzwa. Rika la nani? Hakuna maskani inayowajua. Semina haimgeuzi mtu kuwa rika la mwingine, inamwongezea maarifa mtu ambaye tayari ni rika, na kama si rika atakuwa mwezeshaji, cheo kizuri tu hicho, kimsaidie. Na urika unaweza pia kuisha. Nimeona mtu aliyeanza vizuri kabisa, akapandishwa akawa msimamizi, akahama mtaa, akawa anakuja na tablet kujaza fomu, na wenzake wakaanza kunyamaza akifika. Hakukosea, maisha yake yalibadilika, tena kwa heri, na tulipaswa kufurahi naye na kuwauliza wale waliobaki wamtake nani sasa. Hatukuwauliza.

Kwa hiyo ndugu zangu wa redioni, na wakubwa wa kaunti mnaopanga bajeti mpya: kuunganisha huduma za VVU na hospitali za kawaida ni sawa, mhudumu wa afya ya jamii aendelee na nyumba zake na alipwe posho yake kwa wakati. Ila msiandike kwamba amechukua nafasi ya mwelimishaji rika. Andikeni nafasi hiyo iko wazi, na mkitaka kuijaza nendeni mkawaulize walio maskani na walio kwenye mabaa wanamwamini nani kati yao, kisha mweke posho ya huyo kwenye bajeti, kwa jina la kazi yake.