Ni Mshipa Upi?

Imekuwa kawaida kusikia kwamba "kukaa sana kunaziba mishipa". Juzi nimeelezwa hivyo tena na fundi cherehani, aliyenionyesha alama ya soksi iliyozama juu ya vifundo vyake vilivyovimba baada ya kushinda kitini. Kukaa muda mrefu, kwa maana ya kiafya, ni kuwa macho huku umeketi au umejinyoosha kwa saa nyingi, misuli ikiwa karibu haifanyi kazi. Hilo halina utata. Utata uko kwenye neno mshipa.

Neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Kwa hilo tunataja njia ya damu, tunataja neva tusemapo mishipa ya fahamu, na mtu wa pwani akisema fulani ana mshipa, huenda anamaanisha ngiri au busha. Vitabu vya sayansi vya shule vimetupatia ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha, lakini tukishamaliza mtihani tunayaacha maneno hayo darasani. Ateri ni neno la asili ya Kigiriki, ambako lilitaja pia bomba la pumzi. Waganga wengi wa kale, wakizikuta ateri za maiti hazina damu, waliamini kwamba zinapitisha hewa, hadi Galen, tabibu wa Kigiriki, alipoonyesha katika karne ya 2 kwamba zimebeba damu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba: kinachodunda ni ateri. Mistari iliyotuna nyuma ya kiganja ni vena, nayo haidundi.

Jiji la London limetoa mifano ya madhara ya kukaa kwa vena na kwa ateri pia. Mwaka 1940, wakati wa mashambulizi ya mabomu, Keith Simpson, daktari mchunguza maiti, alieleza vifo vya ghafla vya watu waliokesha wameketi mahandakini: damu iliganda katika vena za miguu, bonge likapanda hadi mapafuni. Mwaka 1953, Jeremy Morris, daktari mtafiti, na wenzake walichapisha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa waliugua moyo zaidi ya makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa. Habari hii ya pili ndiyo ya ateri, kwa kuwa msuli wa moyo nao hulishwa damu na ateri.

Mtu anapoketi, damu hupita polepole katika ateri za miguu, utando wake wa ndani hukosa msuguano unaouchochea kutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza ateri, na ateri hupungukiwa na uwezo wa kutanuka. Upungufu huo umepimwa baada ya saa 3 tu za kuketi, na kutembea dakika 5 kila saa kuliuzuia. Huko si kuziba. Ateri huziba kwa mafuta yanayojijenga ukutani mwake kwa miaka mingi.

Vifundo vya yule fundi, basi, vilivimba pande zote mbili kwa sababu misuli ya mashavu ya miguu haikusaidia vena kupandisha damu. Ungevimba mguu mmoja, tena wenye maumivu, ningemhimiza aende hospitali siku hiyohiyo, na hata hapo mshipa wa kushukiwa ungekuwa vena.