Presha na zoezi la ukutani

Wengi wanaoletwa kwangu fiziotherapia hapa Kigoma huja kwa mgongo au goti. Nikiwapima presha nakuta 150 kwa 95, na mwenyewe hana habari. Kazi zao nazijua: mwenye duka Mwanga, fundi cherehani, bodaboda, karani. Wanakaa kutwa nzima, na hata ule mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga wanaupanda kwa pikipiki.

Nikiwaambia wakimbie asubuhi wanaitikia kwa adabu, lakini hawakimbii. Mama wa makamo anaona haya kukimbia barabarani, na simlaumu. Watu hawa ndio nawaandikia leo kuhusu mazoezi ya isometriki, yaani kukaza misuli na kubaki umetulia pale pale.

Mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270 ya mazoezi ya aina mbalimbali, yenye washiriki 15,827. Mazoezi ya isometriki yalishusha presha ya juu, yaani namba ya kwanza kama ile 150, kwa wastani wa milimita 8 hivi za zebaki (ndicho kipimo cha presha), na ya chini, yaani namba ya pili, kwa 4. Mazoezi ya kutembea, kukimbia na baiskeli yalishusha ya juu kwa 4 na nusu hivi. Ni kweli majaribio ya isometriki yalikuwa machache kuliko ya kukimbia na kutembea, na kutembea kuna faida nyingine nyingi kwa moyo na sukari. Anayetembea aendelee kutembea. Ila kwa mtu asiyefanya lolote, milimita 8 si haba hata kidogo.

Kinachotokea ni hiki. Msuli uliokazwa unaibana mishipa iliyomo ndani yake, damu inapita kwa shida, na presha yenyewe hupanda wakati huo. Ukiachia, damu inaingia kwa kasi, kama mpira wa maji uliokuwa umekanyagwa. Kasi hiyo inasugua ukuta wa ndani wa mshipa, nao unatoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa upanuke. Rudia kwa wiki kadhaa, mishipa inazoea kulegea, na neva zinazoibana zinapunguza ukali.

Zoezi ninalolipenda ni la ukutani. Vua kandambili, maana kwenye sakafu ya saruji zinateleza. Egemeza mgongo ukutani, sogeza miguu mbele hatua moja, kisha shuka taratibu kama unayetaka kukaa kwenye kiti. Usishuke sana, anayeanza akunje magoti kidogo tu, na wiki zinavyokwenda aongeze. Kaa hapo dakika 2, simama upumzike dakika 2, rudia mpaka zitimie awamu 4. Ni dakika 14 kwa jumla, mara 3 kwa wiki. Mapaja yatawaka moto na kutetemeka, hilo ni la kawaida.

Pumzi ndiyo ninayoisimamia kwa ukali. Karibu kila anayeanza anaibana. Juzi mama mmoja alishuka vizuri kabisa, mashavu yakamvimba, shingo ikatoa mishipa. Nikamwambia, “Mama, nihesabie kwa sauti.” Akaanza moja, mbili, tatu, na uso ukalegea. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na pumzi iliyobanwa huirusha presha juu ghafla.

Goti likikataa, tumia mkono: finya kitambaa kilichokunjwa kwa karibu theluthi ya nguvu zako, dakika 2, awamu 4 vilevile.

Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze mpaka ishushwe kwa dawa. Mjamzito, aliyepata kiharusi au mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Dawa usiziache, tafadhali sana. Nimewaona walioziacha kwa sababu walijisikia vizuri, na wengine sasa nawafundisha kutembea upya. Na chumvi, hata hii yetu ya Uvinza, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mboga.

Kabla hujaanza pima presha: kaa dakika 5 kimya, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa. Andika kwenye daftari. Pima tena hivyo hivyo baada ya wiki 8, ulipeleke daftari kliniki, daktari aamue kuhusu dozi yako.