Je, wajua kwa nini katika gemu fimbo ya bosi, yaani adui mkuu, hupita katikati ya mwili wako bila kukuumiza?

Chukua video ya mchezaji mzoefu akipambana na Margit, bosi anayewakwamisha wengi mapema katika gemu ya Elden Ring, kisha iendeshe polepole. Fimbo inashuka, mchezaji anabiringika, na fimbo inampitia kiunoni waziwazi. Mstari wake wa uhai haupungui hata kidogo. Anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani gemu ina hitilafu, lakini ndivyo ilivyotengenezwa. Mchezaji huyo hakuokolewa na umbali. Kwa sehemu ya sekunde, gemu iliacha kumhesabu kama mtu anayeweza kupigwa.

Silaha ya bosi hubeba umbo lisiloonekana, na mwili wa mhusika wako una umbo lake pia. Gemu hukagua fremu baada ya fremu, yaani kila picha moja moja inayounda mwendo kwenye skrini, kama maumbo hayo yamegusana wakati pigo liko hai. Yakigusana, uhai unakatwa. Sasa, ukibonyeza kitufe cha kukwepa, fremu za mwanzo za mbiringiko huwa na kinga: maumbo yanagusana, lakini gemu haihesabu. Wachezaji waliopima Elden Ring fremu kwa fremu wamepata kinga ya fremu 13 hivi, kwa kipimo cha fremu 30 kwa sekunde. Hiyo ni takriban sekunde 0.43. Baada ya hapo mhusika bado yuko chini akijiinua, na macho yako yanakwambia kwamba bado anakwepa, kumbe kinga imeshaisha. Vifo vingi hutokea katika mwanya huo mdogo.

Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, haikuanzisha utaratibu huu. Monster Hunter ya mwaka 2004 ilikuwa nao, na katika gemu za mfululizo huo kuna ujuzi wa vazi unaorefusha muda wa kinga. Dark Souls II ya 2014 ilikwenda mbali zaidi: urefu wa kinga ulitegemea sifa mojawapo unayoipandisha unapoongeza levo. Asiyeijua sifa hiyo alibiringika kwa mwendo uleule machoni, akapigwa, na asijue kwa nini.

Katika Elden Ring cha kuangalia ni uzito. Chini ya asilimia 30 ya uwezo wako wa kubeba, mbiringiko ni mwepesi na unakwenda mbali. Kuanzia asilimia 30 hadi kabla ya 70 ni wa kati, nao unatosha kabisa kwa mabosi wote. Ukifika 70 unaanguka kwa kishindo, mwendo ni mfupi na unachelewa kuinuka, hata ukiwa umebonyeza kwa wakati sahihi. Ukifika 100 hubiringiki kabisa. Kabla ya kulalamika kwamba bosi ana kasi mno, fungua ukurasa wa vifaa uangalie namba hiyo. Mara nyingi kubadilisha kofia na glavu tu kunakurudisha chini ya 70.

Tuje kwa Margit mwenyewe, kwa sababu ndiye mwalimu bora wa somo hili. Kila shambulio lina hatua tatu: maandalizi, pigo lenyewe, na kurejea. Macho ya mtu huhitaji kama robo sekunde kuona jambo na kidole kuitikia, kwa hiyo maandalizi yapo ili upate nafasi ya kusoma kinachokuja. Gemu nyingi humzoesha mchezaji kubonyeza mara tu anapoona silaha ikiinuliwa. Margit huinua fimbo na kuishikilia hewani. Unabonyeza, kinga ya sekunde 0.43 inaanza na kuisha huku fimbo bado iko juu, kisha inashuka wakati unainuka. Mtoto anayejua kuruka kamba hatazami mkono unaozungusha, anatazama kamba inapofika miguuni. Na hapa usitazame mkono ukipanda. Tazama bega na fimbo zinapoanza kushuka, ndipo ukwepe.

Kuna jambo la padi, kile kifaa cha vitufe unachoshika mkononi, ambalo wengi hawalijui, nalo linaeleza kwa nini mtu huapa kwamba alibonyeza kwa wakati. Kitufe cha kukwepa, ambacho ni duara kwenye PlayStation na B kwenye Xbox, ndicho hichohicho cha kukimbia. Gemu haiwezi kujua unataka lipi mpaka ione unakiachia au unaendelea kukishikilia. Kwa hiyo mbiringiko huanza unapoachia kitufe, si unapokibonyeza. Ukikikandamiza kwa hofu, unajichelewesha mwenyewe. Kiguse na kukiachia papo hapo. Kama unachezea kwenye televisheni, washa pia hali ya gemu kwenye mipangilio yake. Bila hiyo, televisheni nyingi huchakata picha kwanza, na unachokiona kimeshapitwa.

Kosa jingine ni kubonyeza mfululizo. Gemu huweka agizo lako la mwisho kwenye foleni: ukibonyeza mara ya pili katikati ya mbiringiko wa kwanza, wa pili utafuata hata kama hauutaki tena. Unajikuta unabiringika pasipo pigo, stamina, yaani nguvu za kukwepa na kushambulia, inaisha, na pigo la kweli linakukuta huna hata ya kukwepea. Mguso mmoja kwa pigo moja. Na usishambulie mpaka mstari wa stamina uishe. Bakiza angalau ya mbiringiko mmoja.

Upande wa kukwepea nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Silika inakutuma urudi nyuma. Ukirudi nyuma unakwenda mwendo mmoja na silaha, na umbo lake linabaki juu yako kwa fremu nyingi zaidi, pengine kupita kinga yako. Ukiingia kuelekea pigo, wewe na silaha mnapishana, mguso unakuwa mfupi, na unaibukia ubavuni mwa bosi ambako unaweza kumpiga. Kwa pigo la kufyeka kutoka kulia, biringika kuelekea kulia huko huko. Mashambulio yanayodumu, kama pumzi ya moto ya joka, ni hesabu nyingine: yanakaa hai muda mrefu kuliko kinga yoyote, kwa hiyo kimbia utoke kwenye eneo lake.

Kunywa chupa ya uhai ukiwa mbali naye si salama kama inavyoonekana. Margit huitikia kitendo cha kunywa kwa kukurushia kisu cha mwanga. Kunywa wakati yuko kwenye hatua ya kurejea, hasa baada ya kuruka na kuipigiza fimbo chini. Hiyo pia ndiyo nafasi nzuri ya kumpiga: pigo moja, mawili ukiwa na silaha nyepesi, kisha toka, maana ukikawia mbele yake anafyeka kwa kisu kilekile. Mapigo mazito, hasa ya kuruka, yanavunja msimamo wake. Anapopiga goti, simama mbele yake na ubonyeze pigo la kawaida, atapata pigo kubwa la ziada.

Kujiandaa kwako kabla ya pambano hakuchukui nafasi ya kujua wakati, ila kunapunguza idadi ya mara unazolazimika kupatia. Kwenye fuawe la Church of Elleh, mahali ndani ya gemu, silaha ya kawaida huimarishwa hadi kiwango cha +3 kwa mawe ya uhunzi 12 ya daraja la kwanza: 2, kisha 4, kisha 6. Mgodi wa Limgrave Tunnels una mawe hayo. Patches, mhusika aliyeko kwenye pango la Murkwater Cave, akikubali kufanya biashara na wewe anauza pingu ya Margit kwa runi 5,000, runi zikiwa ndizo fedha za gemu hii. Inambana chini mara mbili tu, na katika awamu ya kwanza peke yake, kwa hiyo itumie mapema.

Kwa mazoezi, tumia runi zako zote kwanza ili kufa kusiwe na gharama, kisha anzia kwenye mahali pa kupumzikia pa Castleward Tunnel, hatua chache kutoka kwake. Ingia bila kumpiga kabisa. Kwepa tu, na uhesabu kimoyomoyo muda wa fimbo kukaa juu katika kila shambulio. Ukishaweza kubaki hai dakika mbili bila kunywa, anza kuongeza pigo moja baada ya kila ruko lake.