Gari Limeshushwa, Usukani Umekufa: Tuanzie Wapi?

Wamiliki wengi wa magari ya michezo yaliyoshushwa hunijia na malalamiko mawili yanayokwenda pamoja: pua ya gari inakataa kuingia kwenye kona, na usukani hauwaambii chochote. Kwa kawaida wameshafunga springi ngumu, na wanataka kujua kama wafunge ngumu zaidi. Mimi huomba kwanza tuliache gari lisimame kwa uzito wake mwenyewe mahali palipo sawa, kisha tulale chini tutazame kontroli amu za mbele, yaani mikono ya chuma inayounganisha magurudumu na bodi, zimeelekea wapi.

Kushusha gari kuna faida ya kweli, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue gari la kilo 1300 lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na kitovu chake cha uzito kiwe milimita 500 kutoka ardhini. Kwenye kona inayolisukuma pembeni kwa nguvu sawa na uzito wake, takriban kilo 433 huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Ukilishusha milimita 30, zinazohama ni kilo 407 hivi. Kilo 26 si haba, kwa sababu tairi linalobebeshwa mzigo mara mbili halikamati lami mara mbili, na kila kilo inayobaki upande wa ndani ni msaada. Tatizo ni kwamba milimita hizo hizo 30 zinaweza kuharibu mambo mengine yenye thamani kubwa kuliko hiyo.

Magari mengi ya michezo hutumia struti mbele, yaani nguzo moja yenye springi na shokapu inayoshika gurudumu kwa juu. Hata Porsche 911 GT3 ilikuwa hivyo hadi toleo la mwaka 2021 lilipopewa amu mbili kila upande, ya juu na ya chini. Katika mfumo wa struti, kontroli amu ya chini hutengenezwa ikiwa imeinama kidogo kuelekea nje, yaani ncha ya boli jointi, kiungo cha duara kilicho upande wa gurudumu, iko chini kuliko ncha iliyoshikwa na bodi. Gurudumu linapopanda, ncha hiyo ya nje husogea nje na kulilaza tairi upande wa ndani kwa juu, jambo tunalolihitaji hasa wakati bodi linapoinama kwenye kona. Gari likishushwa sana, amu hupita ulalo na kuanza kutazama juu. Ikishavuka pembe mraba na struti, kila milimita ya kupanda huvuta sehemu ya chini ya gurudumu ndani, na tairi la nje huanza kukanyagia ukingo wake badala ya uso wote.

Wakati huohuo kuna nukta ambayo sehemu ya mbele ya bodi huizunguka inapoinama; mimi huiita kitovu cha mlalo. Mahali pake huamuliwa na pembe za amu hizo. Gari lenye struti likishuka, kitovu cha mlalo mara nyingi hushuka zaidi ya kitovu cha uzito, wakati mwingine hadi chini ya usawa wa lami, kwa hiyo umbali kati ya viwili hivyo huongezeka. Umbali huo ndio wenzo unaolilaza bodi. Hivyo mtu ameshusha gari ili lisiiname, naye amelirefushia wenzo wa kuinamia, kisha anaongeza ugumu wa springi kupigana na kosa alilolitengeneza mwenyewe.

Tiba yake ni kuirudisha amu kwenye pembe yake bila kulipandisha gari. Zipo boli jointi zenye shina refu, na kwa baadhi ya magari ya zamani kipo kipande cha kuweka kati ya chini ya struti na mkono wa usukani. Hicho cha pili nakipenda, kwa sababu hushusha boli jointi na ncha ya tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, kwa pamoja. Ukitumia boli jointi ndefu peke yake, amu na tairodi huchora matao mawili tofauti, na kila tuta litaligeuza gurudumu kidogo bila dereva kuugusa usukani. Huo uyumbaji wa gari kwenye lami yenye mawimbi, ambao wengi huusingizia matairi mapana, mara nyingi hutoka hapa. Kuupima si kazi ngumu: toa springi, funga ubao ulionyooka kwenye hubu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), pandisha gurudumu kwa jeki milimita 10 kila hatua, na uandike ubao unavyogeuka. Kabla ya yote hayo hakikisha kuna nafasi ndani ya rimu, maana boli jointi iliyoshushwa inaweza kuigusa.

Nitoe mfano wa gari moja lililoshushwa milimita 45 katika gereji nyingine. Nilifunga kibanio cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu na kukisukuma hadi chini kabisa, kisha nikamwomba mwenye gari aendeshe kama kawaida yake. Aliporudi, kibanio kilikuwa kimekwama kwenye mpira wa kuzuilia gurudumu lisipande kupita kiasi, na mpira wenyewe ulikuwa uking'aa kwa kusuguliwa. Lilikuwa limebaki na milimita 12 tu za kupanda. Katika kila kona gurudumu la nje lilifika kwenye mpira, ugumu wa upande ule ukapanda ghafla, na tairi likaachia. Hakuna alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, inayoweza kutibu hilo. Inatakiwa shokapu yenye mwili mfupi, au gari lipandishwe kidogo.

Gari hilo lilikuwa na kosa jingine ambalo hulikuta kila wakati, na kulirekebisha hakugharimu zaidi ya muda na spana. Bushi za mpira, zile zinazoshikia amu kwenye bodi, zilikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Bushi ya aina hii imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, haitelezi. Hufanya kazi kwa kusokotwa. Ukiikaza gari likiwa juu, linaposhuka linaisokota moja kwa moja, na inaendelea kuvuta amu hadi ichanike. Legeza bolti, acha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze.

Baada ya hapo ndipo alaimenti ina maana. Kwa gari la barabarani linaloendeshwa kwa bidii mimi huanza na kemba (mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele) ya nyuzi 1.5 hadi 2 hasi mbele, yaani juu kukiingia ndani, na magurudumu yaliyonyooka sambamba, nikiongeza kasta (mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) kadiri mfumo unavyoruhusu. Upepo upimwe sawasawa. Rimu zinazotokeza nje zaidi naziogopa, kwa sababu husogeza kitovu cha tairi mbali na mhimili wa usukani, na kila shimo huja mkononi.

Kuhusu kasta, wengi huchanganya usukani mzito na usukani unaosema. Nguvu ya pembeni ya tairi hukaa nyuma kidogo ya katikati ya mguso wake na lami, na umbali huo, unaochangia kuupa usukani uzito, hupungua kabla tairi halijafika kikomo cha kukamata. Kasta ikizidi sana, uzito wake huufunika ujumbe huo.

Mwenye gari lile alirudi wiki moja baada ya kulichukua, akiwa na wasiwasi kwamba katikati ya kona ndefu usukani huwa mwepesi kidogo, kisha hurudi uzito wake akipunguza mwendo. Aliniuliza kama kuna nati imelegea. Nilizikagua zote mbele yake, zilikuwa zimekaza, nikamwambia hilo ni tairi la mbele linamwarifu kuwa limekaribia mwisho wake.