Je, wajua kwa nini mbwa mpole husahau kila kitu akifokewa?

Kuna mbwa ambaye hahitaji kufungwa. Hagombani na wenzake, hawarukii wageni, na popote alipo mtu wake ndipo naye anapojilaza. Ukiinuka, anainuka. Ukizozana na mtu mwingine chumbani, anayejificha chini ya meza ni yeye, ingawa hakutajwa. Wengi wakimwona hudhani kumfunza ni kazi ya siku chache. Halafu somo linaanza. Anaambiwa "kaa", anageuza uso pembeni. Anaambiwa tena, sauti ikiwa imepanda kidogo, anapiga mwayo. Mara ya tatu anajilaza chali, tumbo juu, na neno hilohilo jana alilitii bila shida. Hapo ndipo watu husema mbwa huyu ni mkaidi, au kichwa chake ni kizito.

Jibu limo katika ule mwayo. Mbwa hupiga miayo akiwa na usingizi, lakini hupiga pia akibanwa na wasiwasi. Hujilamba midomo wakati hakuna chakula, huinua mguu mmoja wa mbele, hunusa chini ghafla kana kwamba kuna jambo la maana pale, hukwepesha macho. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norwei, alizipa dalili hizi jina la ishara za kutuliza. Kwa mbwa, kugeuza uso ni njia ya kusema kwamba hataki shari. Binadamu naye akigeuziwa uso anaona amedharauliwa, anapandisha sauti zaidi, na mbwa anazidi kuomba amani kwa njia ileile iliyomletea makelele. Mzunguko huo unaweza kuendelea hadi mmoja wao achoke.

Hata ule uso tunaouita wa hatia hautoki pale tunapodhani. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliwakataza wanyama wao kula kipande cha chakula, kisha wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa kama mbwa amekula au hakula, na mara nyingine walidanganywa. Uso wa hatia ulijitokeza mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula, na ulijitokeza zaidi kwa wale waliokaripiwa bila kosa. Kwa hiyo ukisema "anajua alichofanya", huenda unachokiona ni mbwa anayesoma uso wako tu.

Lakini kwa nini asahau? Kuogopa ni jambo moja, kupoteza somo ulilokwisha kulijua ni jingine. Hapa inafaa kumkumbuka Ivan Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi ambaye watu wanamfahamu kwa mbwa waliotoa mate kwa ishara tu ya kwamba chakula kinakuja. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na miaka mingi iliyofuata aliitumia kuchunguza tabia za mbwa mmoja mmoja, kwani aliona kuwa hawafanani hata kidogo. Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg, na maji yakaingia walimofungiwa mbwa wake. Waliokolewa, wengine kwa kuogeleshwa. Baada ya siku hizo ilionekana kwamba baadhi yao wamepoteza mafunzo waliyoyapata kwa muda mrefu, na walioathirika zaidi ni wale ambao Pavlov alikuwa amewaweka katika kundi la wepesi kushtuka. Mmoja wao alirudishwa polepole hadi akashika tena masomo yake. Kisha maji kidogo yalipoachwa yapenye chini ya mlango wa chumba cha majaribio, akayapoteza upya.

Hofu inapopita kiasi, mwili unashughulika na kunusurika, na kujifunza kunangoja. Kwa mbwa mgumu, kiasi hicho kiko mbali. Unaweza kumpigia kelele akakutazama tu na kuendelea na mambo yake. Kwa mbwa mwepesi wa kuhisi kiko karibu sana, na sauti ambayo wewe unaiona ya kawaida yaweza kukivuka. Tena huondoka na somo ambalo hukukusudia kumpa. Hashiki kwamba "kaa" maana yake ni kuketi. Anashika kwamba neno hilo, au chumba hicho, au mkono ulionyooshwa, ni mambo ya kuepukwa.

Athari haiishii kwenye somo lenyewe. Utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za aina mbalimbali. Waliotoka shule za ukali, zenye kuvutwa shingo na kukemewa kwa wingi, walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa masomo, na kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukibanwa na wasiwasi, ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Wakapimwa tena kwa mabakuli. Mbwa alikwisha kujua kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula na likiwekwa upande wa pili ni tupu. Kisha likawekwa katikati. Wale wa ukali walilikaribia kwa kusitasita, wakitarajia kutoambulia kitu.

Sasa ongeza lile la pili: kumng'ang'ania mtu wake. Mwaka 1998 watafiti wa Hungaria, József Topál na wenzake, walichukua jaribio lililobuniwa kwa watoto wachanga na mama zao wakalifanya kwa mbwa, na wakakuta wanategemea uwepo wa mtu wao kwa namna inayokaribiana na ya mtoto. Japani, mwaka 2015, timu ya Chuo Kikuu cha Azabu ilionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana, oksitosini, homoni inayohusika na upendo wa mama na mtoto, hupanda kwa wote wawili. Kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu haikuwa hivyo. Uswidi nako mwaka 2019 walipima kortisoli iliyohifadhika kwenye nywele, wakaona viwango vya muda mrefu vya mbwa vinafuatana na vya watu wao. Basi huyu anayekuandama kutwa anaishi ndani ya hali yako ya moyo. Siku umerudi umechoka na una hasira na dunia, usimfunze. Nendeni matembezi.

Watu wakishafahamu hayo huvuka mpaka wa upande wa pili: wanaanza kunong'ona na kutembea kwa kunyata, uso hauna furaha wala huzuni. Sikubaliani nao, na nina sababu. Watafiti watatu wa Marekani, Emily Bray, Evan MacLean na Brian Hare, walichapisha mwaka 2015 jaribio ambamo mbwa alitakiwa kuzunguka kizuizi kinachoonyesha ng'ambo kama kioo ili amfikie mtu aliyeshika chakula upande wa pili. Mara aliitwa kwa sauti baridi, mara kwa sauti ya shangwe. Mbwa wa nyumbani wenye uchangamfu walivurugwa na shangwe, wakajigonga kwenye kizuizi. Mbwa watulivu, wa aina wanaofunzwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, walifanya vizuri zaidi walipochangamshwa. Mbwa mpole, basi, anahitaji uchangamfu wako. Msifu kwa sauti inayocheka. Wala usimchezee kwa maneno matupu: uchunguzi wa ubongo wa mbwa uliofanyika Budapest na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu inayohusika na raha huamka pale neno la sifa na mlio wa sifa vinapokwenda pamoja. Neno zuri likitamkwa kwa ubaridi haliiamshi hivyo.

Kwa vitendo, somo la dakika tatu hadi tano linamtosha, na liishe angali anataka zaidi. Ishara ya mkono humwingia kwa urahisi kuliko neno. Usimwinamie kutoka juu. Chuchumaa ubavu ubavu, mpe nafasi ya kuja mwenyewe. Akipatia, tuzo imfikie papo hapo, kabla hajafanya jambo jingine. Akikosea, usiseme chochote. Ngoja, kisha mpe lililo rahisi zaidi, alipatie, mrudi kwenye gumu kwa hatua ndogo. Na ukishatamka amri mara moja, nyamaza. Kuirudia mara tano ndiko kunakomfanya aanze kupiga miayo. Matembezini mvalishe mkanda wa kifuani, maana mvuto mmoja wa ghafla shingoni unaweza kumharibia barabara nzima. Na kama hutaki aguse viatu, viweke juu.

Wapo wanaoogopa kwamba wakimfariji mbwa aliyeshtushwa na radi watamfunza kuogopa. Hofu ni hali inayomjia, haichagui kwa kutafuta zawadi. Akija miguuni pako mwache, na ukimpapasa taratibu huongezi woga wake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kumfunza kubaki peke yake, na kwa mbwa wa namna hii ningelianza nalo kabla ya "kaa" na "lala". Mtandikie mkeka wake, mtuze kila akijilaza hapo kwa hiari, kisha songa hatua moja na urudi. Baadaye hatua tatu. Baadaye nenda nyuma ya mlango kwa kitambo cha pumzi chache. Siri ni kurudi kabla hajaanza kulia, ukikirefusha kitambo hicho kidogo kidogo hadi dakika, hadi saa. Ataanza kujua dalili za safari zako, mlio wa funguo na kuvaa viatu. Shika funguo mara nyingi kisha keti, mpaka mlio wake usimshtue tena.

Kama anajiumiza akijaribu kutoka, anakojoa kila ukiondoka au hali chakula hadi urudi, mazoezi peke yake huenda yasitoshe, na daktari wa mifugo ana dawa za kumsaidia huku mkiendelea kumfunza. Amwone daktari pia mbwa ambaye hakuwa na tabia hiyo na ghafla ameanza kukuandama, hasa akiwa mzee, kwa kuwa maumivu, na macho au masikio yanayofifia, humfanya mbwa asitake kukaa mbali na mtu wake.