Nyumba haisimami saa kumi na mbili na nusu

Miaka michache iliyopita, nikisahihisha kazi za wanafunzi wa tafsiri, nilikutana na sentensi iliyosema kwamba "nyumba ilisimama saa kumi na mbili na nusu jioni". Matini ya Kiingereza ilikuwa taarifa ya kikao cha Bunge, na mwandishi wake alikuwa ametumia maneno "the House rose", ambayo katika kumbukumbu za Bunge yana maana moja tu, kwamba kikao kiliahirishwa. Mwanafunzi hakuwa mvivu. Alifungua kamusi, akakuta "house" ni nyumba na "rise" ni kuinuka au kusimama, akaunda sentensi isiyo na dosari ya kisarufi. Kilichomponza ni kuamini kwamba neno hilo ni jina la jengo.

Ni jina la jengo, bila shaka, na limekuwa hivyo tangu Kiingereza cha kale. Ndugu zake wapo katika "Haus" ya Kijerumani na "huis" ya Kiholanzi. Lakini tangu zamani limetaja pia watu walio chini ya paa moja na mamlaka wanayoyatii. Hata "husband", yaani mume, ina nyumba ndani yake: neno hilo limetokana na Kinorsi cha kale, na maana yake ya awali ilikuwa mwenye nyumba. Kwa upande wa mke mambo hayakwenda kwa heshima kama hiyo, kwa kuwa "housewife" lilifupishwa na ndimi za watu hadi likazaa "hussy", tusi la mwanamke asiye na haya. Sisi tusicheke sana. Tukiambiwa kwamba fulani ana nyumba mbili, hatuulizi viwanja viko wapi, na "nyumba ndogo" haihitaji kufafanuliwa kwa mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa.

Kutoka kwa watu wa nyumba moja, Kiingereza kilifika kwenye nasaba. Mwaka 1917, vita dhidi ya Ujerumani vikiwa vimepamba moto, Mfalme George wa Tano aliliacha jina la Kijerumani la ukoo wake, Saxe-Coburg na Gotha, akatangaza kwamba kuanzia hapo wataitwa "House of Windsor". Nimewahi kusoma "Nyumba ya Windsor" katika habari za Kiswahili, na kila mara nimejiuliza kama msomaji hatadhani inazungumziwa ile kasri yenye jina hilohilo. Kwa watawala wa Zanzibar hatukupata tabu hiyo: tulisema ukoo wa Al Busaid, au Mabusaidi basi, na kila mtu akaelewa. Hata hivyo sidai kwamba nyumba kwa maana ya ukoo ni ugeni mtupu katika lugha za Kibantu, kwa sababu Wakikuyu hujiita nyumba ya Mumbi, na hapo hakuna anayefikiria matofali.

Sasa nirudi bungeni, maana hapo ndipo pananivutia zaidi. Kiingereza kilipotaka jina la chombo cha kutunga sheria kiliingia ndani ya nyumba: lipo bunge la makabaila, "House of Lords", na la watu wa kawaida, "House of Commons", na ng'ambo ya Atlantiki kuna "House of Representatives" yenye wabunge 435. Kiswahili kilibaki nje, barazani. Chombo hicho cha Washington tunakiita Baraza la Wawakilishi, kama tunavyokiita kile cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1980, na baraza, kwa mtu aliyekulia katika miji ya pwani, ni lile benchi la mawe lililojengwa na ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo wanaume hukaa baada ya alasiri, kahawa chungu ikipita kwenye vikombe vidogo, habari za mji zikichambuliwa mbele ya kila mpita njia. Lugha mbili, jengo lilelile, lakini moja imeuona utawala sebuleni na nyingine imeuona kibarazani. Mimi, nikiruhusiwa upendeleo kidogo, naona ya kwetu inafaa zaidi kwa chombo kinachopaswa kufanya mambo yake hadharani.

Makazi ya rais nayo hayakuhitaji nyumba. "State House" ni Ikulu, neno tulilolipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao lilikuwa makazi ya mtemi.

Kuna kundi jingine ambalo humchosha mtafsiri bila sababu, nalo ni la maneno ambamo "house" imeshikamana na neno jingine na kubakiwa na kazi ndogo tu ya kuonesha mahali. Mnara wa taa, ghala, machinjio, banda la kuku na kitalu nyumba, yote haya kwa Kiingereza yanaishia na "house", na kati yake ni la mwisho tu ambalo kwa Kiswahili limebaki na nyumba. Sisi tunatumia ngeli. Mzizi mmoja, -umba, unatupa nyumba, kisha chumba ukiudogosha na jumba ukiukuza. Ndiyo maana lile jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Forodhani, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa Kiingereza ni "House of Wonders" na kwa Kiswahili ni Jumba la Maajabu; ukisema nyumba ya maajabu umelipunguza ghorofa.

Jina lake la Kiarabu ni Beit al-Ajaib, na hiyo "beit" tunaijua kwa njia nyingine. Kwa Waarabu, "bayt" ni nyumba na pia ni mstari kamili wa shairi. Sisi tulilichukua kwa maana hii ya pili, likawa ubeti. Kiingereza nacho kina "stanza", neno la Kiitaliano lenye maana ya chumba. Kwa hiyo mshairi wa Lamu anayehesabu mizani anajenga nyumba, na mwenzake wa London anajenga vyumba, na pengine wote wawili wanadaiwa kodi.

Mengine ni mepesi. Kinywaji kilicho "on the house" hakiko juu ya bati: mwenye baa amekutolea ofa. Kwenye kasino, "the house" ni wenye mchezo. Muziki wa hausi, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ulipata jina kwa kufupisha The Warehouse, klabu ya Chicago iliyofunguliwa mwaka 1977 ambako Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri, hivyo asili yake ni ghala. Anayefundisha matamshi asisahau kwamba nomino inaishia na s na kitenzi na z, na kwamba kitenzi hicho, wakimbizi wanapotajwa, ni kuwapa makazi.

Neno lenyewe limeingia Kiswahili pia, lakini kwa mlango wa nyuma. Tunalo katika hausigeli na hausiboi, ambapo limeng'ang'ania. Katika nyumba ya kulala wageni limetokea kinyume: "guest house" ilipokaa vinywani mwetu tuliitupa nyumba tukabaki na mgeni, tukaliita jengo gesti. Mtu akishuka basi usiku Dodoma akauliza gesti iko wapi, anaoneshwa jengo.