Mazungumzo kabla ya barua: kazi ya kwanza ya shefu wa ekipi

Katika karakana na ofisi za Lubumbashi, hapa Kongo, ninakoitwa kuwaandaa mashefu wapya wa ekipi, yaani wasimamizi wa vikundi vya kazi, swali ninaloanza nalo ni hili: mfanyakazi wako mzuri akianza kuchelewa, utafanya nini? Jibu linalotangulia mara nyingi ni kwamba ataandikiwa demande d'explication, yaani barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi. Nikiuliza kama kuna aliyezungumza naye kabla ya barua hiyo kuandikwa, ninaambiwa kwamba alikaripiwa asubuhi mbele ya wenzake, na wasemaji wanahesabu hayo kuwa mazungumzo. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba stadi inayomjenga shefu kabla ya nyingine zote ni kumkalisha mtu faraghani, mapema, na kuzungumza naye juu ya kazi yenyewe wakati karatasi haijaingia kati yao.

Sisemi kwamba barua haina maana. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamkataza mwajiri kuvunja mkataba usio na muda maalumu bila sababu halali, na sababu hiyo ikihusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, inamlazimu mwajiri kumpa nafasi ya kujitetea kabla ya kuamua. Kwa upande huo barua ya kuomba maelezo ni kinga ya mfanyakazi, kwa sababu inamhakikishia kwamba hatahukumiwa bila kusikilizwa. Tatizo linaanza inapotumwa kwa kila kosa dogo. Anayeipokea anaisoma kama hatua ya kwanza ya kufukuzwa, anakwenda moja kwa moja kwa mjumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, na kuanzia hapo kila neno lake linakuwa neno la utetezi, hata pale ambapo alikuwa na maelezo mepesi ambayo yangemaliza jambo kwa dakika chache.

Hofu hiyo ina mizizi katika mji huu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipotekeleza mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini, na wengi wa wanaofanya kazi leo katika migodi na makampuni ya huduma ni watoto wa nyumba hizo. Wamekua wakijua kwamba karatasi moja yenye muhuri inaweza kufunga shule, hospitali na posho ya familia nzima. Shefu anayesahau hilo atashangaa kuona mtu mzima akitetemeka kwa barua ambayo yeye aliiona kuwa jambo la kawaida la ofisi.

Sasa tuangalie mazungumzo yenyewe, kwa mfano ninaoutumia katika mafunzo. Shefu ni injinia kijana aliyetoka chuo kikuu miaka michache iliyopita. Mfanyakazi ni fundi wa kulehemu ambaye angeweza kuwa baba yake. Shefu anamwita pembeni baada ya zamu, katika chumba chenye mlango, anamkaribisha akae, wanasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, kisha anasema: «Papa, Jumatatu na Jumatano zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, nawe ulifika saa kumi na mbili na nusu. Kijana unayemfundisha hana ruhusa ya kulehemu akiwa peke yake, kwa hiyo ukarabati wa pampu ulisimama mpaka ulipofika. Ningependa kusikia kutoka kwako kuna nini.»

Baada ya hapo ananyamaza. Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi wanapofanya zoezi, kwa sababu ukimya wa mtu mzima unamtisha kijana, naye anaanza kuujaza kwa maneno: anaomba radhi, au anatisha, au anajibu mwenyewe swali aliloliuliza. Akivumilia, Papa atasema, kwa mfano, kwamba amehamia upande wa Annexe, wilaya ya pembezoni mwa mji, na kwamba taksi-basi za alfajiri zinafika zikiwa zimejaa. Shefu sasa ana jambo la kushughulikia. Anaweza kuuliza ni nani katika ekipi anayepita njia hiyo kwa gari, au kama Papa anaweza kubadilishana na mwenzake wa zamu ya mchana kwa muda fulani. Wanakubaliana jambo moja na siku ya kulitazama tena.

Angalieni jinsi maneno ya shefu yalivyopangwa. Ametaja siku na saa, kisha madhara kwa kazi, kisha ameuliza. Hakusema «wewe unachelewa kila siku», kwa sababu Papa angekumbuka mara moja siku zote alizowahi, na mjadala ungehamia kwenye hesabu. Hakusema «ninyi wazee». Hakutaja adhabu. Mashefu vijana huniambia kwamba mila haiwaruhusu kumkosoa mtu anayewazidi umri, nami ninawajibu kwamba mila inatuelekeza namna ya kusema, wala haijatukataza kusema. Heshima iko katika kumwita Papa, kumpa kiti, kumsalimu kwanza na kumsikiliza mpaka mwisho; ukweli uko katika zile siku na saa zilizotajwa. Mzee anayeheshimiwa hivyo hukubali ukweli kwa urahisi kuliko tunavyodhani, na kinachomvunja moyo ni kugundua kwamba alisemwa ofisini kwa wiki nzima bila yeye kuambiwa.

Jambo la pili ambalo linahitaji mazungumzo kuliko kanuni ni kilio. Kifungu cha 146 cha Sheria ya Kazi kinatoa siku 4 za kazi mfanyakazi anapofiwa na mwenzi wake au ndugu wa daraja la kwanza, na siku 2 kwa ndugu wa daraja la pili. Mzazi na mtoto ni wa daraja la kwanza. Kaka, dada na babu ni wa daraja la pili. Mjomba ni wa daraja la tatu, kwa hiyo sheria haimpi hata siku moja. Lakini kwa jamii nyingi za kusini mwa Katanga zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye ukoo, na mpwa asiyeonekana kwenye kilio chake ataulizwa kwa miaka. Shefu anayejibu kwamba «sheria haisemi hivyo» amesema kweli, na kesho yake atapata mtu mgonjwa mwenye cheti cha daktari. Shefu anayejua kazi yake atauliza maziko ni lini na wapi, kisha atatafuta siku katika likizo ya mwaka ya mfanyakazi huyo, au mwenzake wa kubadilishana naye zamu, na atasema wazi ni siku ngapi anazoweza kutoa na ni zipi asizoweza. Ni lazima afanye vivyo hivyo kwa kila mtu katika ekipi. Upendeleo mmoja katika suala la msiba hausahauliki.

Kuhusu lugha nitasema kidogo tu. Agizo linaweza kutoka kwa meneja kwa Kichina au Kiingereza, likapita kwa mkalimani kwa Kifaransa, likamfikia mchimbaji kwa Kiswahili. Kuuliza «mmeelewa?» hakusaidii, kwa kuwa kila mtu atajibu ndiyo. Mwombe mmoja aeleze kwa maneno yake atakachofanya kwanza na atakachofanya kikitokea kitu kisichotarajiwa. Pale kwenye hatari ya umeme au ya kuporomoka kwa udongo, usiianze zamu bila kufanya hivyo.

Baada ya kila mazungumzo, shefu aandike katika daftari tarehe, jambo lililosemwa na makubaliano, na amsomee mhusika alichoandika. Kosa likirudi baada ya makubaliano kuvunjwa, barua ya kuomba maelezo iandikwe bila kusita, na safari hii itakuwa na siku, saa na ahadi ambayo mfanyakazi mwenyewe anaijua. Na pale panapotokea jambo linaloweza kuwa kosa zito, kama wizi au kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama, shefu asilishikilie kwa nia ya kulimaliza kimya kimya. Alipeleke kwa idara ya wafanyakazi siku ileile, kwa maana kifungu cha 72 cha Sheria ya Kazi kinampa mwajiri siku 15 za kazi tu, tangu alipojua jambo hilo, kutoa taarifa ya uamuzi wake wa kuvunja mkataba kwa maandishi.

Mwajiri naye ana deni. Haiwezekani kumtaka shefu azungumze na watu wake huku akiwa hana ruhusa ya kutoa hata siku moja bila saini tatu, wala mahali pa kuzungumzia isipokuwa katikati ya kelele za mashine. Ninapomaliza mafunzo, ninawaomba wakurugenzi mambo mawili kwa maandishi: wampe kila shefu wa ekipi uwezo wa kukubali mabadilishano ya zamu kati ya watu wawili bila kwenda juu, na wampe chumba. Kontena lenye viti viwili na mlango unaofungika linatosha.